Amri mbili zilivyogongana na kuzima huduma za intaneti

Jumatatu ya Oktoba 20, 2025, watu katika nchi nyingi waligusa simu zao na hawakupata jibu. Snapchat na Signal ziligoma. Nchini Uingereza, wateja wa benki ya Lloyds walihangaika kuingia kwenye akaunti zao. Wengi walihofia kuwa ni wadukuzi, lakini haikuwa hivyo. Chanzo kilikuwa kwenye kompyuta za kampuni ya Amazon katika jimbo la Virginia, Marekani. Amri mbili zilishughulikia jambo moja kwa wakati mmoja, na ile ya zamani ikafika baada ya mpya.

Tunalieleza tukio hili kwa sababu leo hata mkulima hulipwa kwa simu, na katika nchi zetu mbolea ya ruzuku nayo hupatikana kwa kusajiliwa kwenye mfumo wa kompyuta.

Kompyuta za kukodi

Kampuni nyingi duniani hazinunui kompyuta kubwa za kuendeshea huduma zao, bali hukodi. Amazon huchukua kompyuta moja yenye nguvu na kuigawa kwa programu kuwa nyingi, kila mpangaji akiona kama ana yake peke yake. Hizo huitwa kompyuta pepe.

Ili programu ziwasiliane, lazima zijue anwani. Anwani hizo hukaa kwenye daftari maalumu la intaneti. Hifadhi moja kubwa ya taarifa ya Amazon, iitwayo DynamoDB, ina orodha ya anwani inayobadilika kila mara. Programu moja hupanga orodha, nyingine kadhaa huiandika kwenye daftari. Zimewekwa kadhaa makusudi, ili moja ikikwama nyingine iendelee.

Mfano wa ubao wa matangazo

Chukulia ofisi ya kijiji ina wajumbe wawili wa kubandika orodha ya zamu za maji. Mjumbe wa kwanza anapewa orodha. Kabla ya kuondoka anauliza, "Hii ndiyo mpya?" Anajibiwa ndiyo. Njiani anachelewa.

Huku nyuma orodha zinabadilishwa mara kadhaa. Mjumbe wa pili anafika na orodha ya karibuni, anaibandika, kisha anaagiza orodha zote za zamani zichanwe. Hapo hapo yule wa kwanza anawasili na kubandika yake juu ya mpya. Jibu alilopewa lilikuwa kweli alipouliza, lakini si alipofika. Wachanaji wanakuta orodha ya zamani ubaoni, wanaichana. Ubao unabaki mtupu, na kila anayekuja kuuliza zamu yake hapati kitu.

Ndivyo ilivyotokea Virginia. Anwani zote za hifadhi ile katika eneo hilo zilifutika, na mfumo ukashindwa kujirekebisha wenyewe. Ilikuwa saa 3:48 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Mafundi walirudisha anwani kwa mkono ilipofika saa 6:25 mchana.

Kwa nini shida iliendelea

Anwani zilirudi, lakini huduma hazikutengemaa. Mfumo wa kuwasha kompyuta pepe mpya ulikuwa umelimbikiza kazi nyingi mno. Kazi moja ilipokuwa haijakamilika, muda wake uliisha, nayo ikarudishwa kwenye foleni. Foleni ikazidi kurefuka badala ya kupungua. Ilibidi mafundi wapunguze kasi ya maombi yanayoingia. Huduma zilitengemaa baada ya saa 6 usiku kwetu.

Baada ya hapo Amazon ilisimamisha duniani kote programu zile za kuandika anwani, hadi kasoro irekebishwe.

Dawa yake mafundi wanaijua. Kwanza, jambo moja lishughulikiwe na amri moja kwa wakati, nyingine zingoje. Pili, kila amri iwe na namba, na namba ikaguliwe pale pale inapotekelezwa, si mwanzoni tu. Tatu, ombi likirudiwa, mfumo utambue kuwa ni lile lile. Ugumu ni kwamba kasoro ya namna hii haionekani kila siku. Hungoja siku mjumbe mmoja achelewe.

Sisi tufanyeje

Unapotuma pesa kwa simu na ujumbe wa kuthibitisha usije, mtandao unaweza kuwa umechelewesha jibu tu, huku amri yako tayari imetekelezwa. Ukituma tena, pesa inaweza kwenda mara mbili. Angalia salio kwanza, kisha taarifa fupi ya miamala. Kama bado huoni kitu, subiri, au piga simu huduma kwa wateja kabla ya kurudia.

Kwa wanaotuendeshea mifumo, swali letu ni hili: amri mbili zikigongana, ipi inashinda, na nani anaweza kurekebisha kwa mkono? Ushirika au ofisi inayolipa wakulima kwa simu iwe na jibu, pamoja na daftari la karatasi la kukagulia. Mkulima aliyepeleka mazao yake hapaswi kuambiwa jina lake halipo kwa sababu tu orodha ya zamani ilichelewa njiani.