Mtoto anabeba bangi, nani anabeba kosa?

Mtu mzima anamupa mtoto mufuko wa bangi apeleke kwa mununuzi, akiwaza: "Huyu ni mtoto, hawatamufunga." Juu ya mtoto, hakosei sana. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto wa chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia. Kuanzia 14 mpaka kutimiza 18, kesi yake ni ya tribinali ya watoto, hapana ya wakubwa.

Lakini mutumaji haponi. Kifungu cha 53 cha sheria hiyo kinaweka kutumia mtoto katika biashara ya madawa ya kulevya kati ya kazi mbaya kabisa zinazokatazwa, sawa na Mapatano 182 ya OIT ya mwaka 1999. Kulipa mtoto hakufuti kosa.

Basi shida iko wapi? Mtoto ndiye anakamatwa na mufuko. Kama mambo yanaishia hapo, kesho mutumaji anatafuta mwingine.

Kwa hiyo mzazi, mwalimu, polisi wa hapa Mutwanga: mbele ya fimbo, muulize, "Nani alikutuma?" Na musimuulize mbele ya watu. Aliyemutuma anaweza kuwa jirani.