Miezi Sita Inaisha Lini, Mshikaji?

Wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi, ingawa huko mbele tutazigusa tu maana hazikwepeki. Nataka tuongee hesabu. Usigeuze ukurasa bwana, si zile za sekondari za kutoa jasho. Ni kujumlisha miezi tu. Mwenye nyumba kakwambia lipa miezi sita, umetoa mshiko, dalali naye kachukua kodi yake ya mwezi mmoja, umepewa ufunguo. Haya niambie, inaisha tarehe ngapi?

Wengi hapo wanaanza kutazama dari.

Na wala haikupaswa kuwa ngumu, maana Kiswahili chetu kimetupendelea. Sisi hatusemi Oktoba halafu tukaanza kujiuliza ni wa ngapi. Tunasema mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, namba ziko mdomoni tayari. Wa nane ongeza sita ni kumi na nne. Mwezi wa kumi na nne haupo, toa kumi na mbili, unabaki mwezi wa pili. Kwisha habari.

Balaa linaanza kwenye vidole. Tuseme umehamia chumba cha Ngarenaro tarehe 20 Agosti. Mwenye nyumba anakunja vidole mbele yako: wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa kwanza. Sita! Mwezi wa kwanza ukiisha tu anagonga mlango. Sasa kwa aliyeingia tarehe 1 Agosti hesabu hiyo haina kasoro, mwezi wa nane kaula wote. Lakini wewe uliukuta unaishia, umeambulia siku 12. Miezi yako sita ni mpaka 19 Februari, kwa hiyo siku 19 zimekwenda na maji. Kama chumba ni 60,000 kwa mwezi, hapo umeliwa kama 38,000 kiulaini, na hakuna aliyekukaba.

Wapo wajanja wengine wanaosema mwezi ni siku 30, basi. Simu zimetuzoesha hivyo, kifurushi cha mwezi huwa ni siku 30. Kwenye kifurushi sawa, kwenye nyumba noma. Mara 12 ni siku 360, wakati mwaka una 365. Kila mwaka unamwachia mwenye nyumba siku tano, na ukikaa kwake miaka sita umemzawadia mwezi mzima. Miezi sita yenyewe haina urefu mmoja. Ukianza 1 Machi hadi 31 Agosti ni siku 184, ukianza 1 Septemba hadi 28 Februari ni 181. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, ile Sura ya 1, nayo iko wazi kwamba sheria za nchi hii zikisema mwezi, ni mwezi wa kalenda. Si siku thelathini za kichwani mwa mtu.

Halafu kuna wale wa mwisho wa mwezi. Umelipa kuanzia 31 Agosti, miezi sita mbele ni 31 Februari. Itoe wapi? Kanuni inayotumika kwingi ni kwamba unatafuta tarehe ileile kwenye mwezi unaoangukia, na kama haipo unachukua siku ya mwisho ya mwezi huo, yaani 28, au 29 kama ni mwaka mrefu. Lakini ukiwa unaongeza miezi sita mingine, rudi kwenye ile 31 Agosti ya mwanzo. Ukianzia 28 Februari utaangukia 28 Agosti, na siku tatu zimekupotea kimyakimya.

Unaona kama natania? Uingereza kuna mpangaji wa eneo la biashara aliyepewa notisi na mwenye nyumba tarehe 30 Septemba 1978. Sheria ilimpa miezi minne kwenda mahakamani kuomba mkataba mpya. Yeye akaona Septemba imeishia 30, basi miezi minne itaishia mwisho wa Januari. Akapeleka maombi 31 Januari 1979. Kesi ikapanda ngazi mpaka Baraza la Malodi, wakati ule ndiyo mahakama ya juu kabisa kule, na mwaka 1981 wakamwambia tarehe 30 inakwenda kwa tarehe 30. Alichelewa siku moja. Haki ya kuomba mkataba ikafia hapo.

Mkulima wa kahawa kule Akeri, chini ya Mlima Meru, hana presha hizo. Mti ukitoa maua anajua miezi minane, tisa hivi atachuma, wiki moja juu wiki moja chini si kitu. Mwenye nyumba wa Kijenge hana wiki moja chini. Kwa hiyo kwenye risiti usikubali maneno "miezi sita" peke yake. Andikeni kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, siku zote mbili zikiwemo, na msaini.

Ila mimi kinachoniuma zaidi si siku, ni mwezi wenyewe unaoangukia. Kodi ya miezi sita ina miezi miwili tu kwa mwaka, inabadilishana kama zamu za mlinzi. Ukilipa wa saba, utalipa wa kwanza. Ukilipa wa kumi, utalipa wa nne. Sasa mji huu nusu ya masela wanakula kwa watalii. Mpagazi wa Meru na Kilimanjaro anashuka mwezi wa kumi mfuko umenona, analipa miezi sita kwa mbwembwe, hana habari kwamba kumi na sita toa kumi na mbili ni nne. Mwezi wa nne! Masika imekolea, mlima hauna wageni, na mwenye nyumba yuko mlangoni. Huyu angeomba safari moja tu alipe miezi minne. Kumi na nne toa kumi na mbili, anaangukia wa pili, na kutoka hapo ni wa pili na wa nane maisha yake yote. Wa nane ni msimu hasa, wa pili wageni wapo. Mwenye nyumba hapungukiwi hata senti. Muuza duka mwenye wadogo wa kusomesha naye aukimbie wa kwanza, mwezi wa ada na sare, tena ametoka kutumbua Krismasi.

Haya, mapenzi niliyoahidi. Mashangazi nao hujumlisha miezi. Harusi 5 Julai, mtoto 28 Machi. Vidole vinakunjwa: wa saba hadi wa tatu, minane! Bibi harusi anaanza kusemwa. Hesabu siku bwana, ni 266, wiki 38 kamili, mimba ya kawaida kabisa iliyoanzia usiku wa harusi.

Kliniki wana hesabu yao. Wanaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wanaongeza miezi tisa na siku saba. Hedhi ya 10 Juni, makisio ni 17 Machi, siku 280. Maana yake zile wiki mbili za mwanzo huwa mimba bado haijaingia, lakini kwenye kadi zimo. Na hapa ndipo washikaji kadhaa huingia mitini. Binti anarudi na kadi imeandikwa wiki 12, jamaa anapiga hesabu, "Mimi na wewe tumejuana wiki 11 tu, mwenye mzigo mtafute." Kaka, wiki 12 za kliniki ni kama wiki 10 tangu mlale pamoja. Rudi kwa nesi umuulize ameanza kuhesabu siku gani, halafu ndiyo uje kukana.