Wanafunzi wa tamthiliya nao wapewe basi



Vijana wetu wa sekondari husoma tamthiliya kama Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Hapa Dutumi wengi hukariri dhamira na wahusika, wakamaliza kidato cha nne bila kumwona hata mara moja mwigizaji akipanda jukwaani.

Ajabu ni kwamba Bagamoyo, katika mkoa wetu huu huu wa Pwani, ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981 na yenye tamasha lake la kila mwaka. Kikwazo cha kuwapeleka wanafunzi huko ni nauli na chakula cha mchana. Mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, yakifika, basi hutafutwa hadi likapatikana. Tamthiliya ina kosa gani?

Naiomba halmashauri itenge fungu la safari hiyo ya Bagamoyo kwenye bajeti ijayo, wazazi wasipitishiwe bakuli.

Mzazi,
Dutumi, Kibaha