Likizo ya Mferejini

Mama mmoja, ambaye mwanawe anaishi Uingereza, ameuliza: je, familia isiyojua unahodha yaweza kukodi mashua nyembamba za mifereji ya huko? Yaweza, mkodi hatakiwi cheti cha unahodha. Lakini ratiba isipangwe kwa pupa. Mwendo hauzidi takriban kilomita 6 kwa saa, na kila chumba cha malango kinachopandisha au kushusha chombo huchukua kama robo saa.

Kana husukumwa kushoto ili omo igeuke kulia. Mnaposhuka malangoni, tezi isikaribie kizingiti cha nyuma: ikikwama juu yake huku maji yakipungua, mashua huinama, hata huzama. Watoto wavae jaketi za kujiokolea. Safari fupi yenye salama yapita ndefu yenye majuto.