Tunampigia Nani Makofi?



Jioni moja nilikuwa Kisenyi kuandikisha wachukuzi wa mizigo. Mvua ilitukamata, tukaingia sote katika kibanda cha video. Benchi za mbao, joto, na VJ akitafsiri kwa Kiluganda huku akitia chumvi zake kama kawaida. Picha ilikuwa xXx ya mwaka 2002, ile ya Vin Diesel. Ilipofika pale staa anaporushwa na parachuti juu ya mto mjini Prague, kibanda kizima kililipuka kwa makofi na mbinja.

Nami nikafanya kosa la kusema ninachokijua. Nilimwambia jirani yangu kwamba kazi ile ya parachuti hakuifanya Vin Diesel. Aliifanya mfanyakazi aitwaye Harry O'Connor, aliyeajiriwa kushika nafasi ya staa penye hatari. Tarehe 4 Aprili 2002 alipita mara ya kwanza salama. Wakapiga picha mara ya pili, akajigonga kwenye daraja, akafa. 

Jirani yangu, kijana mchukuzi, alinitazama akasema: "Mzee, si ungeniacha nimalize picha kwanza?"

Neno hilo nimetembea nalo hadi leo. Kijana ana haki yake. Amebeba magunia tangu alfajiri, amelipa kiingilio, hakuja matangani. Lakini nimejiuliza: raha ile hutoka wapi? Tunapoona mtu anaanguka ghorofani tunacheka na kushangilia kwa sababu moyoni tunaamini kwamba aliinuka, akajipangusa vumbi, akapokea mshahara wake, akaenda kwa watoto wake. Imani hiyo ni sehemu ya kiingilio. Kama mtu hakuinuka, basi tumeuziwa kitu kisichokuwapo.

Wako watakaonipinga, na wana hoja. Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, alipigwa risasi mwaka 1993 wakati wa kutengeneza The Crow, kwa bunduki iliyodhaniwa haina madhara. Picha ilitoka mwaka 1994, ikaingiza zaidi ya dola milioni 50 huko Marekani peke yake. Wengi walikwenda hasa kwa kuwa walisikia amekufa. Kwa hiyo kifo hakiharibu biashara sikuzote. Pengine ni tangazo. Jambo hili linanitia hofu kuliko yote, maana tajiri akiona hasara imegeuka faida, nani atamlazimisha kununua mkanda mpya wa usalama?

Sisi wa chama tuisome zaidi habari ya picha iitwayo Rust. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, wafanyakazi wa kamera walikusanya vyombo vyao wakaondoka. Walikuwa wamelalamika juu ya malazi ya mbali, malipo, na bunduki zilizofyatuka ovyo. Waliletwa wengine badala yao, kazi ikaendelea. Siku hiyo hiyo Halyna Hutchins, mkuu wa upigaji picha, mwanachama wa chama cha wafanyakazi kama mimi na wewe, alipigwa risasi na kufa. Aliyekuwa akitunza silaha alifungwa miezi 18. Picha ilimalizwa, ikatolewa mwaka 2025. Ndugu, wale waliogoma walisema mapema, tena kwa mdomo wa watu wengi. Ningependa kujua ni watazamaji wangapi waliambiwa hilo mlangoni.

Wengine husema: bila hatari ya kweli hakuna utamu. Hao nawapeleka Wakaliga, hapa hapa Kampala. Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa ndogo kuliko kodi ya duka. Bunduki ni za mbao na vyuma chakavu. Zamani walitumia damu ya ng'ombe, mwigizaji akaugua, wakaiacha, sasa ni rangi ya chakula. Helikopta inayolipua majumba ya Kampala imechorwa kwa kompyuta, na inaonekana wazi kwamba ni ya kompyuta! Watu wanaruka kwenye benchi hivyo hivyo. Linganisha na Marekani, Julai 1982, katika Twilight Zone: helikopta ya kweli, baruti ya kweli, usiku wa manane. Iliwaangukia Vic Morrow na watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine 6, walioajiriwa kinyume cha sheria. Wote watatu walikufa. Mwongozaji na wenzake wanne walishtakiwa, na mwaka 1987 wakaachiliwa.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliitwa kuigiza mwizi anayeruka kutoka kwenye boda boda inayokwenda. Hakuna godoro, hakuna kofia ya chuma. Alivunjika mfupa wa bega. Malipo yalikuwa sahani ya wali na nauli. Tulipowafuata wenye kazi, walisema alikuja mwenyewe, hakuajiriwa. Sheria yetu ya fidia ya mwaka 2000 inasema mfanyakazi akifa kazini, wanaomtegemea walipwe mapato yake ya miezi 60. Sasa piga hesabu ya mtu aliyepatana kwa sahani ya wali. Mimi niliishia praimari ya saba, lakini sitini mara sufuri naijua.

Nilirudi kwa yule VJ wa Kisenyi nikamwomba jambo moja. Huko mwishoni picha nyingine huandika jina la mfanyakazi aliyekufa, ila kibandani mashine huzimwa mara tu adui anapokufa. Yeye ana kipaza sauti, anatusimulia hata yasiyomo. Na alitaje jina hilo. Alicheka, akasema wateja watakimbia. Kisha akaniuliza yule wa parachuti aliitwa nani, akaliandika nyuma ya kasha la diski.

Kama nawe umewahi kuitwa kuigiza, ukaumia au ukanyimwa malipo, fika ofisini Jumanne au Alhamisi mchana. Lete tarehe, jina la aliyekuita, na mtu mmoja aliyeona.