Fedha za Karafuu na Jiko la Nyumbani



Miezi hii, baina ya masika na kuanza kwa uchumaji, ndiyo miezi ambayo nyumba ya mkulima wa karafuu huwa haina kitu. Mikarafuu imesimama nje imebeba, na ndani debe la mchele linalia. Na ni katika miezi hii hii ndipo wanapopita watu wenye fedha, mmoja baada ya mmoja, wakitazama juu ya mikarafuu yetu kama mtu atazamaye ng'ombe mnadani, kisha hutoa salamu, wakauliza hali za watoto, na mwisho wakasema, "Mzee, hii huikodishi?"

Juu ya swali hilo ndipo twataka kusema machache leo, maana twaona kwamba dhiki nyingi za nyumba zetu huanzia hapo.

Msimu mmoja uliopita, mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye adabu zake na mwanachama wa siku nyingi, aliulizwa hivyo akakubali. Alikuwa na mtoto wa kupelekwa hospitali, na mwenye duka alikuwa amekwisha kumfungia daftari. Akapewa fedha mkononi, akazikunja, akanyamaza. Miezi ikapita. Asubuhi moja mkewe yuko nyuma ya nyumba anapepeta mchele, akaona watu asiowajua wanapanda mikarafuu iliyo karibu na jiko lake, na pakacha zao na kamba zao. Akapiga kelele za mwizi. Majirani wakaja mbio, wengine na mapanga. Mkubwa wa wachumaji akatoa karatasi mfukoni, na jina la mume lipo pale limeandikwa. Bibi yule hakusema neno. Aliingia ndani akafunga mlango, na tumesikia kwamba mpaka leo neno la karafuu halitajwi baina yao wawili.

Hatumlaumu mwenzetu kwa kukopa. Mtoto akiugua hakuna mzazi atakayengoja karafuu zikauke. Nasi tuandikao haya tumewahi kukodisha, tena zaidi ya mara moja, na twajua uchungu wa kukaa barazani ukiona mali yako inateremshwa na kupita mbele yako kwenda kwenye gari la mtu mwingine. Tunalolaumu ni ule unyamavu. Bibi yule angeambiwa mwezi wa Mei, huenda angekuwa na shauri. Huenda angekuwa na kikuku cha kuweka rehani, au zamu ya kibati ya kubadilishana na mwenzake. Hakuulizwa.

Na hapa tutasema jambo ambalo baadhi ya wanachama wanaume hawatalipenda. Kila hali inapokuwa nzito, mawaidha ya kubana matumizi hupelekewa mwanamke. Huambiwa apunguze mafuta, apike kisamvu badala ya samaki, atie vitunguu viwili badala ya vinne, nguo ya Sikukuu ya mwaka jana ifuliwe ivaliwe tena. Hayo yote huyafanya, tena bila ya kuambiwa. Lakini fedha kubwa ya nyumba, ile ya karafuu, haipiti jikoni. Huteremka mtini, huenda kituoni, hupimwa, huingia katika mfuko wa baba au katika simu yake, na inapofika nyumbani imekwisha kupungua, na hakuna ajuaye ilikuwa ngapi. Basi mwanamke huyu abane nini? Amepewa sufuria asimamie, na ghala hajaonyeshwa.

Tufanye hesabu. Tuchukue bei ya shilingi 14,000 kwa kilo, kwa hesabu tu, ili tusigombane juu ya bei. Tuseme shamba dogo limetoa kilo 200 kavu katika mwaka mkubwa. Hizo ni shilingi 2,800,000. Toa 800,000 za wachumaji, uchambuaji, uanikaji na uchukuzi, zabaki 2,000,000. Mwaka wa pili mikarafuu imechoka, imetoa kilo 40: ni 560,000, na baada ya gharama 400,000. Mwaka wa tatu haikutoa kitu cha kusemwa. Wote mwajua kwamba mkarafuu ndivyo ulivyo: ukishazaa sana hupumzika, na mapumziko yake hayana ahadi. Basi jumla ya miaka mitatu ni shilingi 2,400,000. Zigawanye kwa miezi 36. Hazifiki 67,000 kwa mwezi. Zigawanye kwa siku, hazifiki 2,200.

Yule mtu ambaye katika mwezi wa uchumaji huitwa tajiri, anayeagiza kahawa kwa baraza nzima na kusema "andika kwangu", kwa upande wa karafuu ni mtu wa shilingi 2,200 kwa siku. Nyumba ya watu saba yajua yenyewe fedha hiyo inafika wapi. Hatusemi hivi kwa kumdhihaki mtu. Baraza ile twakaa sote, na kahawa ile tumeinywa.

Taabu yetu nyingine ni kwamba matumizi hayafuati kalenda ya mkarafuu. Skuli hufunguliwa Januari, mkarafuu upende usipende. Ramadhani na Sikukuu zafuata mwezi wa mbinguni. Mwaka 2026 Ramadhani iliingia Februari, na kwa kuwa hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, mwaka 2030 itaingia mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Ugonjwa ndio usiouliza kalenda yoyote. Arusi peke yake ndiyo hungoja karafuu, na aghalabu huzila zote kwa siku tatu. Lakini hayo yamekwisha kusemwa sana na wengine, na sisi pia tuna watoto wa kuoza.

Sasa tumtazame huyu akodiye. Tuseme mwezi wa Mei mtu ana haja ya shilingi 500,000, na mikarafuu yake yategemewa kutoa kilo 100 kavu. Kwa bei yetu ile ile ni 1,400,000, na baada ya gharama ya 400,000 hubaki milioni moja kamili. Akodiye alitoa nusu ya hiyo, naye amekaa nayo miezi michache tu. Twakiri kwamba naye ana hatari yake: maua yaweza kupukutika, wezi waweza kumtangulia, mvua yaweza kumnyeshea karafuu zikiwa juu ya majamvi zikageuka rangi zikashuka daraja. Kwa hivyo hatumwiti mwizi. Lakini hatari hiyo ameipima, na bei yake ameiweka chini ya hapo, na aliyeshikwa na haja hapimi kitu.

Tena kuna hasara ambayo haiandikwi katika karatasi ile. Mtu asiye mwenye mti hana haja na mti. Wachumaji wake wana haraka, hulipwa kwa pishi, na tawi lililo mbali huvutwa mpaka likakatika. Tawi la mkarafuu likivunjika limeondoka na karafuu za miaka ijayo. Mwenye shamba hulipa mara ya pili, na safari hii hapewi hata senti. Na juu ya kuuza matunda kabla hayajaonekana kufaa, masheikh wetu wamekwisha kutufundisha yaliyomo, twawaachia wao.

Wazee wetu waliyajua haya kwa namna iliyo mbaya zaidi. Zamani zile mwenye shamba aliyetaka fedha alikuwa akifanya bei khiyari: huuza shamba lake kwa sharti kwamba akipata fedha katika muda uliowekwa atalikomboa, na wakati huo hukaa ndani yake akilipa kodi kama mpangaji. Kwa maneno ilikuwa biashara, kwa maana ilikuwa mkopo wenye faida. Muda ukipita, shamba limekwenda. Madeni yalizidi hata Serikali ya wakati ule ikafanya uchunguzi wa deni la wakulima mwaka 1933, na mwaka 1934 zikatolewa sheria za kuzuia mashamba yasipotee mikononi mwa wenyewe. Leo shamba haliendi kwa njia ile. Ardhi hubaki na mkulima, mti hubaki na mkulima, na kinachokwenda ni karafuu zenyewe. Mtu hubaki mwenye shamba, akipalilia na kulinda moto, na faida anakula mwingine.

Dawa yake ni nini? Twaona kwamba dawa imo humu humu majumbani mwetu, kwa mabibi. Angalieni kibati. Wanawake 12 hukubaliana, kila mmoja hutoa shilingi 20,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea 240,000. Hakuna karatasi ya wakili wala mdhamini. Mwenye maiti au mgonjwa husogezwa mbele katika zamu, na mwenye zamu hukubali kwa kuwa ajua siku yake itafika. Tumewahi kuona vyama vya wanaume, vyenye mwenyekiti, katibu na muhuri, vikavunjika katika mwaka wa kwanza, na kibati cha mtaa ule ule kikaendelea mpaka wajukuu wakaingia.

Ila kibati kina upungufu mmoja kwa mkulima: hutaka fedha kila mwezi, na sisi fedha zetu huja mara moja. Kwa hivyo tunatoa shauri hili kwa matawi. Wakati wa kuuza, kila mwanachama atoe shilingi 500 kwa kila kilo moja kavu aliyouza, ziwekwe katika sanduku la tawi. Wanachama 20 waliouza kilo 100 kila mmoja watakuwa wametoa 50,000 kila mtu, na sanduku litakuwa na milioni moja. Sanduku lisifunguliwe mpaka masika. Wakati huo, mwanachama aliyefikwa na haja ya kweli, ambaye angekodisha mikarafuu yake, akopeshwe karadha bila ya nyongeza yoyote, naye alipe siku ya kuuza karafuu zake. Watu wawili wenye haja ya 500,000 kila mmoja wataokolewa mwaka huo. Ni wachache, kweli. Lakini muulizeni bibi wa kisa chetu kama wawili ni wachache.

Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kama wafanyavyo wale wanaoweka na kukopa kwa hisa vijijini, na sisi twapenda funguo mbili kati ya hizo zishikwe na wanawake. Mtu atauliza: je, akopaye asiporudisha? Mwenzake mmoja wa tawi afuatane naye kituoni siku ya kupima, na deni litolewe pale pale kabla fedha hazijaingia barabarani. Na karafuu zisipozaa? Deni lingoje msimu wa pili, kwani mti haukopeshwi kwa kulazimishwa. Hatuahidi kwamba sanduku litatosha katika mwaka ambao kisiwa kizima hakikuzaa. Mwaka kama huo halitatosha, na ni bora kusema hivyo mapema kuliko watu kuja kuvunja kufuli.

Liko na la pili, ambalo halihitaji fedha. Gharama iliyo kubwa ni uchumaji. Nyumba nne au tano zilizo karibu zaweza kuchumiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na kuchambua pamoja usiku kama walivyokuwa wakifanya wazee wetu, taa moja na jamvi moja. Hilo halitafaa kwa shamba kubwa, wala hatusemi wachumaji wasipate riziki yao. Kwa shamba dogo lafaa sana, na matawi yatachumwa na watu watakaouona mti ule tena mwakani. Na makonyo yasiachwe yaoze. Yakaushwe yauzwe, maana yana soko lake. Ndiyo yanayokamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi. Fedha yake ni ndogo, lakini daftari na kalamu za Januari zaweza kutoka hapo.

Na la mwisho, kila nyumba iwe na daftari moja la karafuu: pishi zilizochumwa, kilo zilizouzwa, fedha iliyopokelewa, iliyowekwa na iliyotumika. Liwekwe mahali ambapo mume na mke wote wawili wanaweza kulifungua. Asiyejua kusoma, mtoto wa skuli yupo.

Walio tayari kuanza sanduku msimu huu wapeleke majina kwa katibu wa tawi lao kabla ya uchumaji kuanza. Mume apeleke jina lake, na bibi apeleke la kwake. Tumemwomba katibu asipokee moja peke yake.