Gari la kifahari limefika Karatu, mashine ya kulipima imebaki Dar

Kwa miaka mingi lami inayotoka Makuyuni imekuwa ikikoma kwenye geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Hadi hapo, hata gari dogo la mjini linapita bila taabu. Kuanzia hapo ni vumbi jekundu wakati wa kiangazi, utelezi wakati wa masika, na makunyanzi ya barabara yanayogonga shokapu mfululizo kutoka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, kiasi cha meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, hadi tambarare za Ndutu. Mji unaobeba matokeo ya barabara hiyo ni Karatu. Jioni za msimu wa watalii magari hurudi yakiwa na bushi zilizokatika, springi zilizovunjika na filta zilizojaa vumbi, na mafundi hulala chini yake usiku kuyatengeneza, kwa sababu alfajiri kuna wageni wengine wanaotaka kuteremka kretani.

Mafundi hawa ni hazina ambayo nchi haijaithamini ipasavyo. Gari walilokua nalo ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, yenye injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2, silinda sita, bila taabo (turbo) wala kompyuta ya kuongoza mafuta. Arusha zipo karakana, Hanspaul ikiwa mojawapo ya zile zinazojulikana zaidi, zinazolikata gari hilo katikati, kulirefusha na kulifungulia paa ili mtalii asimame kutazama faru. Injini ya 1HZ ikipanda ukingo wa kreta inapungukiwa nguvu waziwazi, maana hewa ni nyepesi na haina taabo ya kuisukuma ndani. Lakini ikigoma, fundi anaisikiliza, anafungua noseli, anakagua pampu, anapata jibu. Elimu yote inayohitajika imo mikononi na masikioni mwake.

Sasa mjini umeingia msafara mwingine. Biashara ya hoteli, kahawa na vitunguu vya Mang'ola imewapa watu fedha, na watu wenye fedha wanataka gari linalolingana na kazi yao. Harrier ile ambayo mtaani inaitwa tako la nyani imekuwa ya kawaida. Nyuma yake zimekuja Land Cruiser VX na V8, Discovery, Range Rover, na BMW za hapa na pale. Karibu zote zimetumika kwingine kabla ya kufika hapa: Japani, Uingereza, au kwenye ofisi ya serikali iliyoziuza kwa mnada. Hakuna sababu ya kumbeza mtu anayenunua gari la namna hiyo. Tatizo ni kwamba soko linamwuzia nusu ya habari.

Nusu anayoambiwa ni bei. Gari la kifahari hushuka thamani haraka sana huko linakotoka, ndiyo maana Range Rover ya miaka kumi na miwili inaweza kutangazwa mtandaoni kwa fedha inayokaribiana na ya gari la kawaida. Ikifika bandarini Dar es Salaam inakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na ushuru wa uchakavu kwa kuwa ni ya zamani. Mnunuzi anajikaza, analipa, anaona amemaliza. Nusu asiyoambiwa ni kwamba thamani ya gari imeshuka lakini bei ya spea zake haijashuka hata kidogo. Pampu ya upepo ya Discovery yenye miaka kumi na mitano inauzwa kama kifaa cha gari la tajiri, kwa sababu ndivyo lilivyobuniwa.

Discovery 3, iliyotoka mwaka 2004, inafundisha mengi. Badala ya springi za chuma, nyingi zake zinakalia mifuko ya upepo inayoinua na kushusha gari kwa amri ya kompyuta. Katika lami ya Ulaya mifuko hiyo ni raha tupu. Katika makunyanzi baada ya Lodoare, vumbi linaingia kwenye valvu, mpira unachanika, pampu inafanya kazi bila kupumzika hadi inaungua, na asubuhi mwenye gari analikuta limelala chini kama ngamia aliyepiga magoti. Taabo ya injini yake ya dizeli ya V6 nayo imefichwa mahali pabaya kiasi kwamba mafundi wengi, hata Uingereza kwenyewe, huona ni nafuu kuinua bodi yote kutoka kwenye chasisi ndipo waifikie. Hiyo si kazi ya jioni moja chini ya mwembe. V8 ya Toyota, yaani Land Cruiser 200 iliyoanza mwaka 2007, ni imara zaidi. Hata hivyo injini yake ya dizeli inapuliza mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno, kupitia noseli zenye matundu madogo sana, na noseli hizo haziwezi kusamehe dizeli chafu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipunguza salfa kwenye dizeli hadi kiwango cha 50 ppm kuanzia Januari 2015, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji. Hatua hizo zimesaidia. Ila dizeli iliyouzwa kwa madumu kando ya barabara haina mlinzi.

Kinachowashinda mafundi wa Karatu katika magari haya si chuma. Kufungua na kufunga wanajua. Kinachowashinda ni kwamba gari limefungwa kwa siri. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi anachomeka kimashine cha bei nafuu kinachomtolea namba ya kosa bila maelezo. Namba ileile inaweza kuwa na maana ya sensa iliyokufa, waya uliotafunwa na panya, au noseli inayovuja. Maelezo kamili yamo kwenye programu ya mtengenezaji, na programu hiyo inalipiwa kwa fedha za kigeni, mara nyingi na wakala peke yake. Fundi mwaminifu anakiri kwamba hapo amefika ukingoni. Kishoka anafuta namba, taa inazimika, anapokea hela yake, na taa inawaka tena gari likiwa Rhotia.

Basi mwenye gari aende kwa wakala? Wakala walioidhinishwa wako zaidi Dar es Salaam, na kutoka Karatu hadi Dar ni safari ya kilomita zisizopungua 750. Nairobi iko karibu zaidi, lakini katikati kuna mpaka wa Namanga, hati za kuvusha gari kwa muda, na ushuru wa spea wakati wa kurudi. Na akishafika kwa wakala, mara nyingi anakuta kikwazo kingine: gari lake halikuuzwa na wakala huyo. Harrier ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2013, ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Haimo kwenye orodha ya magari yaliyouzwa mapya Tanzania, na historia yake ya sevisi imeandikwa Kijapani, kama ilisalia. Mwenye gari anahudumiwa kama mgeni aliyekuja bila mwaliko, ilhali gari lina nembo ileile iliyo mlangoni.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la fedha na kuwa la uhai. Kwa miaka kadhaa sasa watengenezaji wengi wa magari, wakiwemo Toyota, Honda, BMW na Mazda, wamekuwa wakiyaita magari yao ili yabadilishiwe vipulizio vya eabegi vilivyotengenezwa na kampuni ya Takata. Vipulizio hivyo, vinavyokadiriwa kufikia milioni 100 duniani, vina kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Vikilipuka vibaya humrushia dereva vipande vya chuma usoni na kifuani. Watu wamekufa kwa namna hiyo Marekani, Malaysia na kwingineko, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Barua za wito zilitumwa kwa wamiliki waliosajiliwa. Mmiliki aliyesajiliwa anaishi Nagoya au Osaka, na alikwishauza gari lake mnadani. Mtu anayeliendesha leo kati ya Karatu na Mto wa Mbu hana barua yoyote. Namba ya chasisi inaweza kukaguliwa bure kwenye tovuti za watengenezaji, lakini ni nani amemwambia?

Upande wa spea hali haina unafuu. Fundi anapiga simu Gerezani, Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, kifaa kinapakiwa kwenye basi la usiku na kesho yake kiko Arusha. Utaratibu huu ni mzuri na umeokoa wengi. Nyuma ya Gerezani kuna Sharjah, katika Falme za Kiarabu, ambako magari ya kifahari yaliyogongwa yanachinjwa na viungo vyake kusafirishwa Afrika nzima, na Waswahili waishio Ghuba ni sehemu ya mnyororo huo. Spea halisi iliyotumika kutoka Sharjah mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bandia. Ugumu ni kuzitofautisha. Breki pedi ya bandia inakuja kwenye boksi lenye nembo, rangi na hata alama ya usalama. Mtu anayeteremka ukuta wa kreta, kiasi cha meta 600 kutoka ukingoni hadi chini, kwa gari lenye uzito wa tani mbili na nusu, hapaswi kugundua ubandia wa pedi akiwa kwenye kona.

Mawakala wana hoja zao, na zinahitaji kusikilizwa. Wamewekeza katika majengo, mashine na mafunzo, na wanaogopa kwamba wakitoa kila kitu, wezi watapata njia ya kutengeneza funguo za magari. Hofu ya funguo ni ya kweli. Lakini nchi nyingine zimekwisha kuitenga na mambo mengine. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria inayowataka watengenezaji kuzipa gereji huru habari za ufundi wanazowapa mawakala wao. Umoja wa Ulaya una kanuni za aina hiyo. Karibu zaidi na nyumbani, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilianza kutumia miongozo ya soko la matengenezo ya magari tarehe 1 Julai 2021. Kwa miongozo hiyo, mwenye gari anaweza kulipeleka gereji huru hata dhamana ikiwa hai, na gereji hizo zipewe habari za ufundi na mafunzo kwa masharti ya haki, huku habari za usalama wa gari zikilindwa.

Tanzania ina Tume yake ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Tume hiyo ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, ambayo kwayo hukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Kwa hiyo funguo mbili za tatizo hili, siri za wakala na spea za bandia, ziko mezani kwa taasisi moja. Miongozo kama ya Afrika Kusini haihitaji kiwanda wala mkopo. Inahitaji FCC iwaite mawakala, chama cha waongoza watalii, mafundi na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, katika chumba kimoja. VETA imekwisha kuwa na mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao unampa fundi wa mtaani cheti baada ya kupimwa kwa vitendo. Fundi mwenye cheti hicho, na mwenye ruhusa ya kununua saa chache za programu ya mtengenezaji kwa bei inayolipika, ni mtu ambaye wakala hana sababu ya kumwogopa. Na wanaodhani kwamba mafundi wa kaskazini hawawezi umeme wa magari wakumbuke kuwa tangu 2018 zimekuwepo mbugani Land Cruiser zilizotolewa injini ya dizeli na kuwekwa mota na betri.

Serikali nayo ina nafasi mahali pengine: bandarini. Kila gari linaloingia linasajiliwa namba ya chasisi na Mamlaka ya Mapato, TRA. Namba hiyo ikilinganishwa na orodha za wito za watengenezaji, mmiliki mpya angepata ujumbe wa simu siku anapokabidhiwa kadi ya gari. Wakala wa nembo husika angelazimika kubadilisha kipulizio bila malipo, hata kama gari hakuliuza yeye, kwa kuwa kosa lilifanyika kiwandani na nembo ni yake.

Mnunuzi asisubiri hayo yote. Kabla ya kutuma fedha Japani, adai karatasi ya mnada inayoonyesha daraja la gari na kilomita zake, na amlipe mtu mwingine, asiye muuzaji, kuitafsiri. Amuulize fundi wa Karatu, kabla ya kununua na si baada, ni gari gani anaweza kulihudumia. Ushauri huo anaupata kwa bei ya soda, na unaweza kumwepusha na Discovery yenye mifuko ya upepo akapata Prado yenye springi.

Aprili na Mei mvua za masika hupunguza wageni, baadhi ya kambi hufungwa, na magari mengi ya utalii huingia gereji kushushwa injini. Ndio wakati mafundi wote wako mjini na wana nafasi ya kujifunza. Gari moja la wakala, lenye fundi mmoja, kompyuta ya kupimia na orodha ya namba za chasisi zilizoitwa, likiegeshwa Karatu kwa wiki mbili za kipindi hicho, lingeweza kukagua Harrier na V8 za wilaya nzima na kuwaonyesha vijana wa gereji maana ya zile namba. Maombi hayo yanaweza kuandikwa na halmashauri ya wilaya kwa barua moja, na masika yajayo hayako mbali.